Kifurushi cha rpm, mashine ya Debian: ukigeuze, ukitenge, au uachane nacho?

Mteja ameleta laptopu yenye Debian 12, moja ya distro (matoleo) za Linux, pamoja na skana ya USB ya steshenari. Kwenye ukurasa wa mtengenezaji kuna draiva moja tu ya Linux, nayo ni faili la rpm, aina ya kifurushi cha kusakinishia programu, lililoandaliwa kwa jamii ya Red Hat (Fedora, RHEL na wenzao). Debian inasoma vifurushi vya aina ya deb. Ukiuliza watu utapewa majibu yasiyopatana: mmoja atasema ligeuze kwa alien, programu ya kugeuza vifurushi, mwingine atasema weka kontena, yaani mfumo mdogo wa Linux ndani ya Linux yako, wa tatu atakwambia futa Debian usakinishe Fedora.

Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa programu tofauti. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, naomba ujibu maswali mawili kuhusu hiyo programu uliyonayo. La kwanza: inajitumikia yenyewe, au iko pale kuhudumia programu nyingine? Kihariri cha picha kinajitumikia. Unakifungua, unafanya kazi, unakifunga. Draiva ya skana haifunguliwi na mtu. Inangoja programu nyingine iiite. La pili: nani ataisasisha baada ya miezi sita? Nimesaidia watu wengi kwenye jambo hili, na karibu kila nilipokosea ni kwa sababu nilianza na aina ya faili badala ya maswali haya mawili.

Kifurushi kimebeba nini

Fungua deb yoyote utakuta ni jalada la ar lenye sehemu tatu: faili dogo linalotaja toleo la muundo, jalada la control (maelezo na hati), na jalada la data. Rpm nayo ina kichwa cha maelezo, kisha mzigo wa cpio. Mzigo wenyewe, yaani programu, picha na faili za mipangilio, hauna kabila. Keneli ya Linux, kiini cha mfumo, ni hiyohiyo kwenye Debian, Fedora, Arch na openSUSE. Kinachotofautiana ni maagano yaliyoandikwa pembeni ya mzigo.

Kuna agano la majina. Maktaba ya GTK 3 inaitwa `libgtk-3-0` Debian 12, lakini Fedora inaitwa `gtk3`. Kifurushi kikiomba `gtk3` kwenye Debian, hakuna anayeitika, ingawa maktaba yenyewe ipo. Kuna agano la mahali: Fedora huweka maktaba za biti 64 kwenye `/usr/lib64`, Debian huziweka `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`, na Arch huziweka `/usr/lib` tu. Halafu kuna hati zinazoendeshwa wakati wa kusakinisha, ambazo huongeza watumiaji, huwasha huduma na kugusa faili za mipangilio. Hati hizo huendeshwa kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye ruhusa zote, kwa hiyo aliyekupa kifurushi ameshika mashine yako yote kwa sekunde hizo chache. Kifurushi kutoka kwa mtu usiyemjua usikisakinishe kwa njia yoyote kati ya hizi.

Agano gumu kuliko yote ni la glibc, maktaba ya C ambayo karibu kila programu huiegemea. Programu iliyojengwa juu ya glibc mpya hukataa kuamka kwenye ya zamani, na utaona ujumbe wa aina ya `version 'GLIBC_2.34' not found`. RHEL (Red Hat Enterprise Linux) 9 ina glibc 2.34, Debian 12 ina 2.36, Debian 11 ina 2.31. Rpm iliyojengwa kwenye RHEL 9 inaweza kuamka Debian 12. Kwenye Debian 11 kuna uwezekano mkubwa ikakataa, hata uigeuze mara kumi. Iliyojengwa kwenye RHEL 8, yenye glibc 2.28, ina nafasi nzuri kwenye zote mbili. Mfumo mpya humbeba mzee, mfumo mzee hambebi kijana. Kabla ya kuhangaika, andika `objdump -T` pamoja na jina la programu, chuja mistari yenye `GLIBC_`, kisha linganisha namba kubwa kabisa na ile unayopewa na `ldd --version`. Ni kazi ya dakika moja, na imeniokolea jioni nyingi.

Wenye Alpine, distro nyingine, wana neno lao la pekee: huko hakuna glibc kabisa, kuna musl, maktaba nyingine ya C. Kwao kugeuza kifurushi cha Debian au Fedora karibu kamwe hakufai. Waende moja kwa moja kwenye kontena.

Usidhani pia kwamba deb zote ni ndugu. Deb ya Ubuntu 22.04 imebanwa kwa mbinu ya zstd, na dpkg (kisakinishi cha deb) ya Debian 11 haiwezi hata kuifungua. Hadi Debian 12 ndipo ikaweza. Kuna na ile ya `libssl1.1`, maktaba ya OpenSSL. Kifurushi kilichoandaliwa kwa Ubuntu 20.04 huidai, lakini Ubuntu 22.04 imehamia `libssl3` na haina ya zamani. Watu wengi hutafuta `libssl1.1` pembeni wakaisakinisha kwa mkono. Nawasihi wasifanye hivyo: OpenSSL 1.1.1 iliacha kupokea marekebisho ya kawaida ya usalama Septemba 2023, na hii ndiyo maktaba inayolinda nywila na miamala yako mtandaoni.

Alien: mzigo unafika, maagano yanabaki njiani

Alien ni programu ya zamani kwenye Debian, iliyoanzishwa na Christoph Lameter na kutunzwa kwa miaka mingi na Joey Hess. Unaipa rpm, inakurudishia deb, au kinyume chake. Ni nyepesi, haihitaji bando zaidi ya lile la kuishusha, na inamaliza kazi kwa sekunde chache. Kwa kawaida huongeza moja kwenye namba ya toleo; ukitaka namba ibaki ilivyo, tumia `-k`.

Kasoro yake ni kwamba haijui kutafsiri majina ya vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji, haihamishi mafaili kutoka folda moja kwenda nyingine, na hati za usakinishaji huziacha isipokuwa uiambie kwa `--scripts`. Ukiiambia, hati iliyoandikwa kwa desturi za Red Hat itaendeshwa kwa mamlaka ya root kwenye Debian. Hilo mimi silifanyi bila kuisoma hati yote kwanza.

Skana niliyoitaja mwanzoni niliifanyia hivyo, Morogoro. Alien ilimaliza bila kulalamika. Dpkg ikasakinisha bila kulalamika. Nikaandika `scanimage -L`, amri ya kuorodhesha skana, na jibu likawa hakuna skana. Nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu la USB, nikarudia usakinishaji. Kosa halikuwa kwenye waya. Mafaili ya draiva yalikaa `/usr/lib64/sane` kama Fedora inavyotaka, wakati SANE (mfumo wa skana wa Linux) ya Debian hutafuta `/usr/lib/x86_64-linux-gnu/sane`. Na ule mstari wenye jina la draiva ambao hati ya usakinishaji ingeuweka kwenye `/etc/sane.d/dll.conf` haukuwepo, kwa sababu hati haikuendeshwa. Niliunganisha folda kwa viungo, nikaongeza mstari kwa mkono, nikapakia upya kanuni za udev (inayotambua vifaa), nikachomoa skana na kuichomeka tena. Ikasoma ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo sikuondoka pale na amani. Vile viungo havimilikiwi na kifurushi chochote. Apt, msimamizi wa vifurushi wa Debian, haivijui, na fundi atakayekuja baada yangu hatavijua. Niliandika hatua zote kwenye karatasi nikaibandika chini ya skana, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuziandika.

Basi alien inafaa wapi? Kwa vifurushi visivyotegemea mtu: fonti, faili za PPD za printa, seti za aikoni, nyaraka, au programu iliyobeba kila kitu ndani yake, kama nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya Go. Pia kwa vitu vya kuhudumia wengine, mfano draiva ya skana, pale unapokuwa tayari kumalizia kazi kwa mkono na kuiandika. Haifai kabisa kwa vifurushi vya msingi wa mfumo. Mwongozo wake wenyewe unaonya usigeuze vitu kama init (inayowasha mfumo) na libc (ndiyo ile glibc), na onyo hilo lichukulie kwa uzito wake wote: ukiharibu libc, hata `ls` haitaamka.

Iko njia ya jirani ambayo mimi huipenda kuliko alien pale programu inapokaa yote ndani ya `/opt`. Usisakinishe, fungua tu. Kwa rpm, `rpm2cpio` ikifuatwa na `cpio -idmv`. Kwa deb, `dpkg-deb -x`. Hakuna hati inayoendeshwa, hakuna root, na ukichoka unafuta folda moja. Watu wa Arch wamelifanya jambo hili kuwa desturi: maelekezo mengi kwenye AUR, ghala la wanajamii wa Arch, huchukua deb ya kampuni, huifungua, kisha huiandika upya kwa majina na mahali pa Arch. Kwao mtu amekaa akayaandika maagano upya, ndiyo maana matokeo hudumu kuliko ya mashine ya kugeuza.

Distrobox: mgeni apewe chumba chake

Alien humlazimisha mgeni afuate desturi za nyumba yako. Distrobox humpa chumba chenye desturi za kwao. Unatengeneza kontena la distro ambayo kifurushi kiliandaliwa kwa ajili yake, unasakinisha humo kwa dnf (ya jamii ya Red Hat) au apt yake halali, na programu inaonekana kwenye menyu yako kama ya nyumbani. Nyuma yake hutumia podman au docker, programu za kuendesha kontena.

Kwa rpm ya jamii ya Red Hat kwenye Debian, ninachoandika ni hiki:

`distrobox create -n kazi -i almalinux:9`
`distrobox enter kazi`

Nikishaingia nasakinisha faili kwa `sudo dnf install ./jina.rpm`, na vitegemezi vyote vinapatikana kwa majina vinavyojulikana huko. Mwisho `distrobox-export --app jina`, na aikoni inatokea kwenye menyu ya Debian.

Wengi huchagua picha ya Fedora, yaani kiolezo cha kontena, bila kufikiri. Fedora moja hutunzwa kwa takriban miezi 13 tu, na kontena ambalo muda wake umekwisha ni chumba kisicho na kitasa. AlmaLinux 9, inayolingana na RHEL 9, itapokea marekebisho ya usalama hadi 2032. Kama kifurushi kimeandikiwa RHEL, hiyo ndiyo picha ya kuchukua.

Matatizo ya glibc na `libssl` huisha hapa, kwa sababu kontena lina glibc yake na maktaba zake. Kwa programu inayojitumikia, iwe ya uhasibu, ya kuchora ramani au ya kuandika msimbo wa programu, sioni njia bora zaidi pale kampuni inapotoa aina moja tu ya kifurushi.

Lakini rudi kwenye lile swali la kwanza. Ukisakinisha draiva ya skana ndani ya kontena, itaonekana kwa programu zilizomo ndani ya kontena tu. Programu ya kuskani iliyoko kwenye Debian yako haitaiona. Utalazimika kuweka na programu ya kuskani humo ndani, na bado unaweza kukwama kwenye ruhusa za USB. Printa ni vivyo hivyo: anayechapisha ni CUPS (huduma ya uchapishaji) ya mwenyeji, yaani Debian yako, naye anahitaji chujio la draiva liwe upande wake. Kwa vitu vya kuhudumia wengine, Distrobox hugeuka mzigo.

Na kwa vitu vya keneli haisaidii hata kidogo. Kontena halina keneli yake, linatumia ya mwenyeji. Moduli ya Wi-Fi iliyofungwa kwa ajili ya Fedora haiwezi kupita kwa mlango huu, wala kwa alien. Hapo tafuta kifurushi cha distro yako, mara nyingi kile kinachotumia DKMS ili moduli ijengwe upya kila keneli inapobadilika.

Nina ombi moja kwa wanaosifia kontena kama ngome ya usalama: Distrobox siyo ngome, na waliolitengeneza wanalisema wazi. Kontena linaona folda yako yote ya nyumbani, pamoja na funguo zako za SSH za kuingilia seva. Ukitaka kupunguza hatari, tumia `--home` kulipa folda yake peke yake, ingawa hata hapo usiweke programu usiyoiamini.

Flatpak, Snap na AppImage

Hizi hazigeuzi faili ulilonalo. Zinakuuliza kama programu ileile imeshaandaliwa bila kujali distro. Kwa hiyo zinapaswa kuja kwanza kwenye utafutaji wako.

Flatpak, iliyoanzishwa na Alexander Larsson na kuitwa xdg-app hadi 2016, hubeba msingi wake wa maktaba, hivyo haijali glibc yako. Ukipata programu yako kwenye Flathub, ghala la Flatpak, na ikiwa na alama ya kuthibitishwa na mtengenezaji, ichukue na usiangalie nyuma. Masasisho huja kutoka Flathub, kuna uzio wa ruhusa, na kuondoa ni rahisi. Isipokuwa na alama hiyo, elewa kwamba huenda imefungashwa na wanajamii; mara nyingi ni kazi nzuri, ila ukikwama, kampuni inaweza isikusikilize. Draiva hutazipata huko.

Snap hufanana nayo kwa lengo, lakini ghala lake liko chini ya Canonical, kampuni ya Ubuntu, na inahitaji huduma ya snapd. Linux Mint iliizuia tangu toleo la 20, mwaka 2020, isije bila mtumiaji kuamua. Kwa mwenye Ubuntu ni rahisi kwa kuwa ipo tayari. Kwa mwenye Debian au Fedora sioni sababu ya kuianza kama Flathub ina programu hiyohiyo.

AppImage ni faili moja: unalishusha, unalipa ruhusa ya kuendeshwa, unalibofya. Asili yake ni mradi wa klik wa Simon Peter, wa 2004. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akizungumza DebConf, mkutano wa Debian, huko Portland mwaka 2014, alilalamika kwamba kufungasha programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, kwa kila distro ni mateso, na baadaye Subsurface ikatolewa kama AppImage. Ninachokutahadharisha ni kwamba kwa kawaida AppImage haibebi glibc, hivyo ile kanuni ya mzee na kijana inaibana nayo. Nyingi zinahitaji pia maktaba ya libfuse2, ambayo Ubuntu 22.04 haiji nayo. Ukikwama hapo, iendeshe kwa `--appimage-extract-and-run`. Na usipoikumbuka wewe, mara nyingi hakuna atakayeisasisha.

Bando linaamua mengi

Wanaoandika ushauri wa Linux mara nyingi wana intaneti isiyohesabiwa. Kwa anayenunua bando la wiki, tofauti ni kubwa. Alien ndiyo inayoshusha kidogo zaidi, pamoja na kifurushi chenyewe. Picha ya Debian 12 kwa ajili ya kontena ni kama MB 50, lakini unapoingia mara ya kwanza Distrobox huongeza vifurushi vyake, na hesabu hupanda hadi mamia. Flatpak ya kwanza huja na msingi wenye mamia ya MB. Ya pili inayotumia msingi uleule huwa nyepesi, na masasisho hushusha kilichobadilika tu.

Habari njema ni kwamba zote mbili zinabebeka kwenye flashi. `podman save -o picha.tar almalinux:9` huihifadhi picha, na mashine ya pili huipokea kwa `podman load -i picha.tar`. Flatpak nayo ina `flatpak create-usb`, ila kwanza uiambie Flathub kitambulisho cha mkusanyiko kwa `flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub`. Mtu mmoja mwenye Wi-Fi nzuri anaweza kulisha maabara nzima ya shule, na ninatamani kuona walimu wengi wa kompyuta wakilifanya hili.

Ningechagua nini, kwa hali yako

Ukiwa na programu ya dirisha inayojitumikia: Flathub kwanza, Distrobox pili, kulifungua faili kwa mkono tatu. Alien isikujie akilini.

Ukiwa na seva ya kazini, usitumie hata moja kati ya hizi kwa haraka. Ama sakinisha distro ambayo programu inaungwa mkono juu yake, ama iendeshe kwenye podman kama huduma kamili. Seva iliyojaa vifurushi vya kugeuzwa huwa haina mtu anayethubutu kuisasisha.

Ukiwa na printa au skana, subiri kidogo kabla ya kushusha chochote. Nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji draiva ya mtengenezaji. Debian tangu toleo la 11 ina `ipp-usb` na `sane-airscan`, ambazo huzungumza na mashine kwa lugha ya pamoja. Skana ya pili iliyokuja kwenye steshenari ileile niliichomeka nikiwa nimeshaandaa karatasi nyingine ya kubandika chini yake. `scanimage -L` ikaitaja jina papo hapo, kabla sijashusha faili hata moja. Isipokubali hivyo, hapo ndipo alien inaingia, pamoja na kalamu.

Na kabla hujabonyeza kitufe, jua utakavyotoka. Kilichogeuzwa na alien utakiona kwa `dpkg -L` na kukiondoa kwa `apt purge`, lakini viungo na mistari uliyoongeza kwa mkono utavifuta mwenyewe. Kontena unaliaga kwa `distrobox rm kazi`, na picha iliyobaki kwa `podman rmi`. Flatpak, baada ya kuiondoa, andika `flatpak uninstall --unused` ili na ule msingi mzito uachie diski.